Gose ya ukwaju: chumvi ilizidi wapi, na ile harufu ilitoka wapi?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Halle, Ujerumani, na najipikia bia nyumbani kwa sufuria moja ya lita 30. Nilionja Gose mjini Leipzig nikaipenda sana: bia ya ngano yenye uchachu, chumvi kwa mbali na giligilani. Nikasema nami nitengeneze yangu ya kisasa, yenye ukwaju. Kwa lita 20 niliweka chumvi vijiko vitano vya chakula, ukwaju kilo nzima, na bakteria wa pakiti ambao niliwaacha kwenye sufuria jikoni siku tatu. Imetoka kali ya kukunja uso, chumvi tupu, na ina harufu ya matapishi. Nimekosea wapi? Na je, nikiweka ukwaju bado ni Gose, au nimeshatengeneza kitu kingine?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ndilo litakalotuongoza kwenye chumvi, ukwaju na hiyo harufu. Ukiweka ukwaju bado ni Gose, ili mradi chini ya huo ukwaju kuna bia. Wapishi wengi wa Gose za kisasa hupotea hapo hapo: wanaichukulia kuwa ni uchachu, chumvi na tunda, kisha kila kimoja wanakizidisha ili kisikike. Gose ya Leipzig haikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa bia nyepesi ya kukaa nayo jioni nzima, kilevi chake asilimia 4 na kitu, na aliyemaliza gilasi moja aliagiza nyingine. Kipimo chako kiwe hicho. Kama mgeni wako ameonja, akasifu, kisha akaiacha gilasi nusu, hujapika Gose hata kama viungo vyote vimo.

Halafu uko jirani kabisa na chimbuko lake. Jina linatokana na mto mdogo wa Gose unaopita Goslar, mji wa wachimba madini kwenye milima ya Harz. Bia hii ilipikwa huko tangu zama za kati, na kuhusu chumvi yake maelezo yanayotolewa sana ni kwamba maji ya huko yenyewe yalikuwa na madini ya chumvichumvi. Karne ya 18 ikahamia pande za Leipzig, na watu wa Leipzig wakaishabikia kuliko wenye asili. Kiwanda kilichojulikana kuliko vyote kilikuwa katika shamba la kikabaila la Döllnitz, kilichoanza kupika Gose mwaka 1824. Döllnitz ni kijiji cha hapo hapo Halle, ukiwa na baiskeli unafika. Mwaka 1945 shamba lilitaifishwa na upishi ukakoma. Kiwanda kidogo cha Friedrich Wurzler mjini Leipzig kikaendeleza kazi kuanzia 1949, nacho kikafunga 1966, na baada ya hapo Gose haikuwepo tena duniani kwa miaka karibu 20. Aliyeifufua ni Lothar Goldhahn, ambaye miaka ya 1980 alikarabati baa ya zamani ya Ohne Bedenken iliyoko Gohlis, mtaa wa Leipzig, akatafuta wazee waliokuwa wanaikumbuka ladha yake, na bia yenyewe akapikiwa Berlin Mashariki kwenye kiwanda cha Berliner Weisse, bia nyingine ya ngano yenye uchachu. Baadaye zikaja Ritterguts Gose, inayobeba jina la lile shamba la Döllnitz, na ile ya Bayerischer Bahnhof, stesheni ya reli ya zamani pale Leipzig iliyogeuzwa kiwanda na mgahawa, ambayo imekuwa ikipikwa tangu 2000.

Kwa hiyo hata Gose ya asili unayoinywa leo ni ya kukumbukwa na kuundwa upya. Nalisema hili kwa sababu kuna wapishi wa Kijerumani watakaokutolea macho ukitaja ukwaju. Wakikutajia sheria ya usafi wa bia ya Bavaria ya 1516, waulize: chumvi na giligilani zimeandikwa wapi humo? Hazimo. Gose inauzwa kwa kuruhusiwa kama bia ya jadi ya eneo lake. Na wanywaji wa Leipzig wenyewe hawakuwahi kuiacha ilivyo: walikuwa wakiichanganya na likeri ya mbegu za kisibiti, mchanganyiko ambao waliuita mwavuli, na wengine wakaweka sharubati za matunda. Wamarekani walipoidaka miaka ya 2010, Westbrook kule South Carolina waliipika ikiwa na uchachu mkali kuliko wa Leipzig, na Anderson Valley kule California wakaja na ya machungwa mekundu. Ukwaju wako umo kwenye mstari huo huo. Kilichokuangusha ni vipimo na joto.

Tuanze na chumvi, hilo ni jepesi. Kijiko cha chakula cha chumvi laini kilichosawazishwa kina gramu 17 au 18. Vijiko vitano ni karibu gramu 90, na ukigawa kwa lita 20 unapata gramu 4.5 kwa lita. Gose inataka kati ya nusu gramu na gramu moja kwa lita. Umeweka zaidi ya mara nne ya kiwango cha juu. Na usipime tena kwa kijiko, kwa sababu chumvi ya mawe na chumvi laini hazijazi kijiko kwa uzito mmoja. Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Chumvi yenyewe tafuta isiyoongezwa madini joto wala dawa ya kuzuia kugandana. Za bahari zisizosafishwa sana ni nzuri, lakini usilipe pesa nyingi kwa chumvi ya waridi kutoka Himalaya ukidhani bia itajua tofauti.

Ukwaju nao una hesabu yake. Nyama ya ukwaju, yaani bila mbegu na nyuzi, ina asidi ya tartari inayofika sehemu ya kumi ya uzito wake, mara nyingine zaidi. Tuseme kilo yako ilitoa nusu kilo ya nyama: hapo uliingiza gramu 50 au zaidi za asidi, mbali na ile ambayo bakteria walikuwa wameshaitengeneza kwa siku tatu. Ukali huo wa kukunja uso ulitokana na vyanzo viwili, na hukuvipunguza hata kimoja ili kumpisha mwenzake. Mtu akitumia tunda tamu kama embe, anaweza kuachia bakteria wafike mwisho kabisa. Mwenye ukwaju lazima awasimamishe mapema.

Harufu ya matapishi ndiyo ninayotaka tukae nayo zaidi. Hiyo ni asidi ya butiriki, na bakteria wa pakiti hawaitengenezi. Inaletwa na bakteria wengine, wale wanaoishi kwenye maganda ya nafaka, vumbini na kwenye vyombo, ambao wakikuta maji ya kimea vuguvugu, matamu, yasiyo na asidi wala hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), wanajikaribisha. Jikoni kwako pengine ni nyuzi 20 au 22. Kwenye joto hilo Lactobacillus, yaani hao bakteria wako wa pakiti, huenda polepole mno, pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyopanda) inabaki juu kwa muda mrefu, na huo muda ndio wageni wanaoutumia. Dawa yake ni kuwapa bakteria wako mwanzo wa mbio: chemsha maji ya kimea kwanza, yashushe pH kwa asidi kabla ya kuwaweka, yafunike yasipate hewa, na yatunze kwenye joto wanalolipenda. Nitakueleza hatua kwa hatua.

Hiyo uliyonayo imwage. Wapo wanaoiwekea hamira ya mwituni ya Brettanomyces na kuiacha miezi kadhaa, na ni kweli hamira hiyo inaweza kuigeuza asidi ya butiriki kuwa kitu chenye harufu ya nanasi. Lakini chumvi haitatoka, na hutaki kusubiri miezi kwa bia ambayo hutainywa.

Sasa tupike upya. Ushauri wangu ni upike msingi mmoja wa lita 20 kisha uugawe: lita 10 zibaki Gose ya kawaida, lita 10 zipate ukwaju. Utakuwa na cha kulinganisha, na ukionja hiyo ya kawaida utajua kama chini ya ukwaju kweli kuna bia.

Kimea chukua kilo 2.3 cha ngano na kilo 1.9 cha shayiri aina ya Pilsner. Ngano izidi nusu, ndiyo inayoleta ule mwili laini na povu ambalo uchachu unapenda kulila. Kisage kisiwe unga, kivunjike tu. Loweka kwenye mfuko wa kuchujia ndani ya sufuria kwa nyuzi 66, saa moja. Kwa kuwa unatumia mfuko hutasumbuliwa na ngano kuziba chujio, jambo linalowatesa wenye mitambo. Nyanyua mfuko, uache uchuruzike, ukamue kwa mwiko, na machicha uyatoe nje ya jikoni kabisa kabla ya kuendelea. Sisemi kwa ajili ya usafi wa kupendeza macho. Machicha yamejaa bakteria wale wale tunaowakimbia. Ukimaliza kuchemsha kote, kabla ya kuweka hamira, haidromita (chombo kinachoelea cha kupimia sukari) isome 1.044 hivi, na bia ikishachacha isome 1.008, ambayo inakupa kilevi cha asilimia 4.7. Mwongozo wa BJCP, chama cha waamuzi wa mashindano ya bia, unaiweka Gose kati ya asilimia 4.2 na 4.8, kwa hiyo uko ndani.

Chemsha maji hayo ya kimea dakika 15 bila hopsi. Hopsi zinazuia Lactobacillus kufanya kazi, na wengi wanaolalamika kwamba bakteria wao wamegoma waliweka hopsi mapema. Kisha poza mpaka nyuzi 35. Hapo pima pH. Itakuwa zaidi ya 5. Chukua asidi ya laktiki ya majimaji, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya bia, weka mililita 10, koroga, pima tena, endelea kuongeza kidogo kidogo mpaka ufike kati ya 4.3 na 4.5. Kwenye kiwango hicho wale wa harufu mbaya wengi hawajiwezi, wakati wa kwako hawajali. Faida nyingine ni povu: protini zinazolishikilia huvunjwavunjwa kidogo zaidi pH ikiwa imeshushwa mapema.

Kipima pH kiwe cha umeme, hata cha bei ndogo, na ukisawazishe kwa maji maalumu ya pH 4 na pH 7 siku hiyo hiyo. Sampuli ipoe kwanza hadi joto la chumbani. Karatasi za kubadilika rangi ziache. Kwenye kimiminika cha manjano utakuwa unabahatisha, na tofauti kati ya 3.3 na 3.6 ndiyo tofauti ya bia mbili.

Bakteria watakaokufaa ni Lactobacillus plantarum wa pakiti. Hawa si wageni kwako: ni miongoni mwa bakteria ambao watafiti wamewakuta kwenye togwa ya Tanzania. Najua sasa utawaza kutumia togwa yenyewe kama chachu ya kuanzia. Inawezekana, ila togwa ina jamii nzima ya vijidudu, zikiwemo hamira, na wewe ndiyo kwanza umetoka kuungua. Kwa safari hii nunua pakiti.

Ukishawamwaga, tandaza karatasi ya plastiki ya kufungia chakula juu ya maji yenyewe, iguse uso wake, halafu weka mfuniko. Zungushia blanketi au begi la kulalia sufuria nzima. Sufuria yenye lita 20 ndani inashika joto vizuri. Likishuka chini ya nyuzi 30, washa moto mdogo kabisa dakika chache huku ukikoroga taratibu bila kupiga povu, kisha funika tena. Baada ya saa 12 chota kwa kijiko kilichochemshwa, pima na uonje. Harufu iwe ya mtindi mchanga au ya limau. Kama kuna jibini iliyooza, simama hapo hapo na usiendelee kupoteza hamira. Mara nyingi kazi inakamilika kati ya saa 18 na 36. Kwa msingi usio na tunda ningekuambia uende mpaka 3.3. Wewe wasimamishe kwenye 3.5, kwa sababu nusu yake inasubiri asidi ya ukwaju, na nusu nyingine itakuwa na uchachu wa upole ulio karibu na zile za zamani kuliko za Marekani. Ukienda Goslar ukanywa inayopikwa huko leo, utashangaa uchachu wake ulivyo mdogo.

Kuwasimamisha ni kuchemsha tu. Moto ukishapanda, bakteria wamekufa, na vyombo vyako vya baadaye havitaambukizwa, tofauti na njia ya kuchachusha pamoja na hamira. Chemsha dakika 30. Mwanzoni mwa hizo dakika weka gramu 15 za hopsi za Kijerumani zisizo na uchungu mwingi, kama Tettnanger au Hallertauer. Huhitaji zaidi; uchungu na uchachu havikai pamoja vizuri, na Gose haijawahi kuwa bia ya hopsi.

Dakika tano kabla ya kuzima weka mbegu za giligilani gramu 20, zilizopondwa kwenye kinu zikavunjika mara mbili tatu. Nenda duka la Wahindi ununue zile ndefu kidogo zenye umbo la yai, na unuse kabla ya kulipa. Zikikupa harufu ya ganda la chungwa, chukua. Zile za duara zinazouzwa supamaketi mara nyingi zinanuka mchuzi. Na usizikaange, tafadhali. Kwenye pilau kukaanga ni sawa, kwenye Gose kunaua chungwa kunabakisha bizari.

Poza mpaka nyuzi 18, hamishia kwenye ndoo ya kuchachushia na uruhusu yachuruzike kwa kelele yapate hewa. Hamira inayotuliza roho kwa kazi hii ni SafAle US-05, kwa kuwa inavumilia asidi na haileti harufu zake. Tumia pakiti mbili, ingawa kwa bia ya kawaida ya nguvu hii moja ingetosha. Kuingia kwenye pH 3.5 kunaishtua hamira na nyingine hufa. Iloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu dakika 15. Iache kati ya nyuzi 18 na 20. Siku ya kwanza inaweza kuwa kimya, usiwe na wasiwasi. Baada ya siku saba mpaka kumi haidromita ikisoma namba ile ile siku mbili mfululizo, imemaliza.

Kuna njia ya mkato ambayo lazima niitaje, la sivyo utaambiwa na mwingine. Hamira ya Philly Sour, iliyopatikana na watafiti wa University of the Sciences ya Philadelphia, inatengeneza asidi ya laktiki na kilevi kwa pamoja. Unapika bia kama kawaida, unapoza, unaweka, basi. Hakuna blanketi wala saa za kusubiri. Inapenda joto la nyuzi 22 hadi 25 na haitaki kuwekwa pamoja na hamira nyingine mwanzoni, maana itazidiwa kabla haijatoa uchachu. Ni nzuri, na kama ungekuwa unapika kwenye chumba kimoja cha mwanafunzi ningekuelekeza huko moja kwa moja. Lakini huwezi kuisimamisha pale unapotaka: uchachu utafika inakokwenda yenyewe, na kwa mtu mwenye ukwaju mkononi udhibiti huo una thamani. Halafu inaacha harufu ya tunda kama pichi, ambayo kwenye ile nusu isiyo na ukwaju haitafanana na ya Leipzig.

Sasa ukwaju. Nunua uliofinyangwa kipande, wa Thailand au India, na usome karatasi yake yote. Unaotakiwa umeandikwa ukwaju peke yake. Ukwaju wa chupa mara nyingi umeshawekwa chumvi, na ukiona sorbeti au benzoeti ya dawa ya kuhifadhi, rudisha kwenye rafu, kwa kuwa dawa hizo zinaizuia hamira na chupa zako hazitapata gesi. Kwa lita 10 chukua gramu 150 za nyama. Chemsha nusu lita ya maji, acha yashuke mpaka nyuzi 80, tumbukiza ukwaju, finyanga kwa mwiko, acha dakika 15 ukiwa umefunikwa, kisha pitisha kwenye chujio la waya lililochemshwa. Utapata uji mzito wa kahawia. Upoe kabisa. Mwaga kwenye ndoo ya pili safi, halafu hamishia lita 10 za bia juu yake kwa mpira, mwisho wa mpira ukiwa chini kabisa ili bia isirukeruke na kupata hewa. Hewa wakati huu inaleta harufu ya siki, na hiyo nayo inaweza kuwa ilichangia kwenye ile ya kwanza.

Jiandae kwa mambo mawili. Bia itageuka rangi, kutoka manjano hafifu kuwa ya chai nyepesi yenye ukungu, na hakuna ujanja wa kuizuia. Na ukwaju una sukari nyingi pamoja na hiyo asidi yote, kwa hiyo hamira itaamka tena. Mpe siku tano na upime tena kwa haidromita. Anayetia kwenye chupa siku mbili baada ya kuweka ukwaju anatengeneza mabomu ya glasi, sifanyi utani.

Chumvi inakuja mwisho kabisa, siku ya kujaza chupa. Vitabu vingi vinasema iwekwe wakati wa kuchemsha. Kwa kiwanda chenye mapishi yaliyokwisha kuthibitishwa ni sawa. Kwa nyumbani, ambako hujui uchachu utaishia wapi, ni kujifunga mikono, maana chumvi hubadilisha uchachu unavyosikika: kidogo hulainisha na kujaza mdomo, ikizidi husimama peke yake. Fanya hivi. Yeyusha gramu 10 za chumvi kwenye maji ya moto, ongeza maji mpaka yawe mililita 100 kamili, na acha yapoe. Panga gilasi nne, kila moja na mililita 200 za bia. Ya kwanza usiiwekee kitu. Ya pili weka mililita 1 ya maji ya chumvi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kama yale ya kunyweshea watoto dawa. Ya tatu mililita 1.5, ya nne mililita 2. Hapo una sifuri, nusu gramu, robo tatu ya gramu, na gramu moja kwa lita. Onja kuanzia isiyo na chumvi kwenda juu, unywe maji katikati, na kama kuna mtu wa pili nyumbani mpe bila kumwambia ipi ni ipi.

Unayoitafuta ni ile ambayo bia imejaa zaidi mdomoni lakini huwezi kusema kwa uhakika kuna chumvi mpaka umeze. Ukiisikia kwenye ncha ya ulimi mara tu bia inapogusa, rudi hatua moja. Rudia jaribio hilo hilo kwa nusu yenye ukwaju, usidhani jibu litakuwa lile lile. Mara nyingi yenye ukwaju inataka chumvi kidogo zaidi. Kisha zidisha: robo tatu ya gramu kwa lita 10 ni gramu 7.5. Linganisha na vijiko vyako vitano.

Chumvi hiyo iyeyushe pamoja na sukari ya kuleta gesi kwenye maji kidogo yaliyochemka, poza, weka chini ya ndoo ya kujazia, na uhamishie bia juu yake. Gose inataka gesi nyingi, ndiyo inayoifanya iwe nyepesi. Gramu 7 za sukari ya kawaida kwa lita, kwenye bia iliyochacha kwa nyuzi 20, zitakupa kiasi kizuri. Tumia chupa nene, za bia ya ngano au zenye kizibo cha kubana kwa waya, zisizo na ufa. Zamani Leipzig Gose iliwekwa kwenye chupa za shingo ndefu sana bila kizibo chochote. Hamira ilipanda ikajikusanya shingoni na kukauka ikawa kizibo chenyewe. Kuiona inapendeza. Kwako tumia kizibo.

Kwa kuwa hamira imechoka na asidi, gesi inaweza kuchelewa, wiki mbili au tatu kwenye joto la chumbani. Jaza chupa moja ya plastiki ya soda pamoja na zile za glasi na uwe unaibonyeza: ikiwa ngumu kama ya soda dukani, peleka moja ya glasi kwenye friji usiku kucha na uifungue juu ya sinki. Povu likipanda likatulia, zilizobaki zihamishie mahali pa baridi na uanze kunywa, maana harufu ya giligilani hufifia baada ya miezi michache. Povu likitoka mfululizo bila kukoma, ziweke zote kwenye friji siku hiyo hiyo, na unapozifungua funika kwa taulo.